Nauli na sabuni: fedha za utafiti wa saratani zinaishia wapi?

Toleo lililopita niligusia kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa mhasibu wa miradi ya utafiti wa afya hapa Moshi, miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo barua hazijakatika. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenikosesha usingizi.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mtoto wa tatu kwa marehemu baba yangu, tunakaa Kibosho. Baba alifariki kwa kansa ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, Februari mwaka jana. Kabla hajazidiwa walikuja vijana wa utafiti, wakamhoji saa nzima, wakamtoa damu, akaweka dole gumba kwenye fomu. Akapewa nauli ya shilingi elfu kumi na mche wa sabuni. Sisi tuliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya matibabu yake. Juzi nimesikia redioni kwamba serikali ya Marekani hutoa mabilioni ya dola kila mwaka kwa vituo vya utafiti wa saratani. Mama, hayo mabilioni yaliishia wapi, kama baba yangu aliondoka na sabuni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, na pole kwa wale ng'ombe. Najua kwetu ng'ombe akiuzwa kwa ajili ya mgonjwa, nyumba nzima huwa imeshakubali kwamba mambo ni mazito.

Nitakujibu kama mtu aliyezishika zile karatasi kwa mkono. Mradi wenyewe siujui, ila hati za malipo za aina hiyo nimeziandika mimi, mamia kwa mamia. Nauli ina kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti. Sabuni ina kasma yake. Sukari kilo moja, kama mradi umeamua kutoa sukari, ina kasma yake, na mkaguzi akija anataka kuona dole gumba la kila aliyepokea. Ruzuku ya serikali, iwe ya Marekani, ya Uingereza au ya kwetu, ni mkataba. Mtafiti ameandika andiko akasema: nitauliza swali hili, kwa watu hawa, kwa miaka mitano, na nitahitaji vitu hivi. Serikali ikikubali, inalipia vile vitu vilivyoandikwa, basi. Ukivuka kifungu kimoja kwenda kingine bila kibali, unarudisha fedha, na jina la taasisi linachafuka kwa miaka.

Nikupe mfano mmoja ambao sijausahau. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Rombo, mshiriki wa mradi tuliokuwa tukiuhudumia. Alikosa fedha ya dawa ya kuzuia kutapika, mwanawe akaja hadi dirishani kwangu kwa sababu kaona kibao kimeandikwa "utafiti wa saratani". Kwenye akaunti siku hiyo kulikuwa na mamilioni ya kununulia jokofu la kugandishia sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Nililitazama salio, nikamtazama yule kijana. Sheria haikuniruhusu kugusa hata shilingi. Nilitoa noti ya elfu kumi kwenye pochi yangu, na jioni nilipanda Haisi nikiwa nimenyamaza mpaka nyumbani. Jokofu lilinunuliwa, na sampuli zilizohifadhiwa humo zilifanya kazi kubwa. Lakini yule kijana hakuja kuuliza habari za jokofu, na mimi siku hiyo sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa kuhusu mabilioni uliyoyasikia. Ni kweli yapo. Marekani ina Taasisi ya Taifa ya Saratani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1937 chini ya Rais Franklin D. Roosevelt. Mwaka 1971, tarehe 23 Desemba, Rais Richard Nixon alisaini sheria nyingine iliyoiongezea taasisi hiyo nguvu na fedha, na hapo ndipo mpango wa vituo vya saratani ulipopanuka. (Hospitali yetu ya KCMC ilifunguliwa mwaka huohuo, mwezi Machi. Huwa nawaza ni umbali gani uliokuwapo kati ya dawati la Nixon na wodi zile mpya chini ya mlima.) Siku hizi bajeti ya taasisi hiyo inazidi dola bilioni 7 kwa mwaka, na vituo vya saratani inavyovitambua rasmi ni zaidi ya 70, vyote ndani ya Marekani. Sehemu kubwa ya fedha huenda kwa watafiti na vyuo, kila mmoja na andiko lake. Vituo navyo hupata ruzuku yao ya kujiendesha: maabara za pamoja, wataalamu wa takwimu, uongozi, mipango ya utafiti. Ruzuku hiyo hudumu miaka mitano, kisha kituo kinaomba upya na kupimwa upya. Kulipa bili ya mgonjwa hakumo. Hata mgonjwa wa Buffalo au Houston, miji ya huko yenye vituo hivyo, halipiwi kitanda na fedha hiyo.

Na haikuanza na mabilioni. Mwaka 1898 daktari mmoja wa upasuaji mjini Buffalo, Roswell Park, aliomba serikali ya jimbo la New York impe fedha za kuchunguza saratani inatokana na nini. Akapewa dola 7,500. Kituo kile kipo mpaka leo na kina jina lake. Mtu aliomba fedha ya umma ili apate kujua. Kutibu kulikuja baadaye, na kulikuja kwa sababu ya kujua.

Najua utasema, Mama, hayo ya Buffalo yananihusu nini mimi wa Kibosho? Yanakuhusu, na ninakuambia kwa uchungu wangu mwenyewe. Mama yangu mzazi alifariki kwa ugonjwa uleule wa baba yako, umio, mwaka 1998. Alikuwa akinywa chai inayotokota. Kuimimina kwenye kisosi aliona ni uvivu, na akimwona mtu anapuliza kikombe alisema huyo amelelewa mjini. Hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu hakuna aliyejua la kumwambia.

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapahapa Kilimanjaro. Watafiti waliwakalia watu wazima na kipimajoto, wakapima chai pale mtu anapopiga funda la kwanza. Wastani ulikuwa takriban nyuzi 71. Wanywaji wa chai ya maziwa, ile tunayochemshia humohumo kwenye sufuria, waliinywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Shirika hilo liliundwa mwaka 1965 na linaendeshwa kwa michango ya serikali wanachama. Maana yake kodi ya Mfaransa, ya Mjerumani, ya Mwingereza, ndiyo imekuja kuniambia kwamba kikombe cha mama yangu kilikuwa cha moto mno. Chai siyo sababu pekee, na sisemi ndiyo iliyomuua baba yako wala mama yangu. Ila mimi sasa nikimimina chai nasubiri, na wajukuu wangu nimewafundisha kusubiri.

Mahali ambapo baba yako alidhulumiwa, kwa maoni yangu, siyo kwenye nauli. Ni iwapo hakuna mtu aliyerudi Kibosho kusema: hiki ndicho tulichokipata. Kurudisha majibu ni deni. Katika miaka yangu niliona maandiko yenye fungu la safari za mikutano ya ng'ambo na hayana hata shilingi ya kukodi viti na turubai ili wanakijiji waelezwe. Nililisema hilo vikaoni nikaambiwa niendelee na vitabu vyangu vya hesabu.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kwenye makaratasi ya baba ile nakala ya fomu ya ridhaa. Mshiriki hupewa yake. Chini yake pana jina na simu ya mtafiti mkuu, na pana mawasiliano ya kamati ya maadili iliyopitisha utafiti. Nenda, au andika. Sema: mimi ni mtoto wa mshiriki, nataka kujua mligundua nini. Siyo ombi la fadhila. Wana wajibu wa kukujibu.

SWALI: Mama shikamoo. Nimemaliza shahada ya sayansi ya maabara hapa Moshi. Kila mradi wa saratani ninaousikia, mtafiti mkuu ni mgeni na sisi ni wachukua sampuli. Je, Mtanzania hawezi kuomba hizo ruzuku mwenyewe? Au lazima tubaki nyuma ya mzungu?

JIBU: Marahaba. Anaweza, na wapo Watanzania walioomba wakapata. Lakini nikueleze unachokabiliana nacho, usije ukadhani ni suala la akili tu.

Andiko likifika taasisi za afya za serikali ya Marekani husomwa na wanasayansi wenzako. Wanalipatia alama kuanzia 10 hadi 90, na kule 10 ndiyo bora. Wanatazama swali lina uzito gani, njia yako ni sahihi kiasi gani, wewe ni nani, na mahali unapofanyia kazi pana nini. Hilo la mwisho ndilo linalotuumiza. Asiye na jokofu la kugandishia sampuli hapati ruzuku, na asiyepata ruzuku hanunui jokofu.

Halafu kuna hesabu ambayo wachache wanaizungumzia, nami niliishi nayo. Juu ya gharama za utafiti wenyewe, taasisi hulipwa kitu cha kuendeshea nyumba: umeme, maji, mlinzi, mhasibu kama mimi. Vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimekubaliana na serikali yao kiwango cha zaidi ya asilimia 50. Taasisi ya nje ya Marekani, kwa miaka yote niliyofanya kazi, ilipewa asilimia 8. Nane. Umeme ukikatika usiku wa Pasaka na jenereta likataka dizeli, hiyo dizeli inatoka kwenye ile nane. Niliwahi kukaa na mwenzangu tukipiga mahesabu hadi saa nne usiku tukitafuta fedha za kutengeneza jenereta, na mashine ile ndiyo iliyokuwa ikilinda kazi ya miaka mitatu.

Ndiyo maana wengi wameingia kwa mlango wa uani: chuo cha Marekani kinapata ruzuku kubwa, kinakupa ruzuku ndogo chini yake. Mlango huo nao umetikisika. Tarehe 1 Mei 2025 taasisi za afya za Marekani zilitangaza kusimamisha utoaji wa ruzuku zenye ruzuku ndogo za nje mpaka utaratibu mpya uwekwe. Tangazo la siku moja tu, na ofisi za utafiti katika nchi kama yetu zikaanza kuhesabu mishahara ya miezi iliyobaki.

Wazee wetu wa Uganda walikwisha kuliona hili. Mwaka 1967 pale Mulago, Kampala, Chuo cha Makerere na ileile Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walianzisha kituo cha kutibu na kuchunguza uvimbe wa taya kwa watoto, ule uliopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeuelezea mwaka 1958. Walijaribu kuchanganya dawa, na watoto wakapona, katika miaka ambayo kupona saratani kwa dawa peke yake kulikuwa habari ngeni hata Ulaya. Fikiria, Kampala ikifundisha dunia. Kisha zikaja siku za Idi Amin. Mwaka 1972 mkurugenzi Mmarekani, John Ziegler, akaondoka. Aliyebaki kushika usukani ni Mganda, Charles Olweny, katika miaka ya uhaba wa kila kitu. Jengo halikufungwa kwa sababu wenyeji walikataa lifungwe, lakini fedha ilikuwa imeshamfuata mwenyewe, aliyeitoa.

Hilo ndilo ninalotaka ulikamate. Anayetoa fedha ndiye anayechagua swali, na ndiye anayechagua siku ya kuondoka. Sisi tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986, na tangu 1995 upo mfuko wake wa kuendeleza sayansi, MTUSATE, unaotoa ruzuku kwa watafiti wa ndani. Viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Mimi nikimwona mbunge wangu, kabla ya barabara nitamuuliza hiyo asilimia moja. Umio unatuua sisi wa ukanda huu wa Afrika Mashariki kuliko unavyowaua watu wa Boston. Hatuwezi kungoja Boston ikose usingizi kwa ajili ya umio wetu.

Kwako wewe: andika andiko dogo kwanza. Omba MTUSATE matangazo yanapotoka, hata kama fungu ni dogo. Jifunze bajeti, wanasayansi wengi niliowahudumia walikuwa wanaandika swali zuri sana halafu wanasahau dizeli. Ukikataliwa, soma maoni ya waliokukataa bila hasira na urudishe. Nilimhudumia daktari mmoja wa hapa ambaye andiko lake lilirudi mara tatu. La nne lilipita, na siku hiyo alinunulia ofisi nzima mtori.

SWALI: Habari za kazi Mama. Naandika kutoka Ngarenaro, Arusha. Binti yangu alichanjwa shuleni mwaka 2024 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, sindano moja. Jirani yangu anasema ni majaribio ya wazungu juu ya watoto wetu, na kwamba chanjo halisi ni sindano tatu. Nina hofu.

JIBU: Nzuri dada, na ahsante kwa kuuliza badala ya kukaa na hofu.

Chanjo hiyo haikuanzia kwa binti yako. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha, miaka ya mwanzo ya 1980, kwamba saratani ile inatokana na kirusi. Wengi walikuwa wamembishia. Mwaka 1983 akawa mkuu wa kituo cha utafiti wa saratani cha Heidelberg, ambacho asilimia 90 ya fedha zake hutoka serikali kuu ya Ujerumani na 10 hutoka jimboni, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Njia ya kutengeneza chanjo ilifunguliwa na watafiti kadhaa, wakiwamo wa Australia, na Douglas Lowy na John Schiller, waajiriwa wa ile Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani niliyoitaja juu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, ikatolewa kwa mabinti wa huko miaka mingi kabla haijafika shule za Arusha. Kwetu ilianzia Kilimanjaro mwaka 2014, na Aprili 2018 ikaenda nchi nzima.

Kuhusu idadi ya sindano, jirani yako ana kumbukumbu ya kweli: mwanzoni zilikuwa tatu, kisha mbili. Na kweli majaribio yalifanyika Tanzania. Yalifanyika Mwanza, waziwazi, kwa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa ya wazazi, yakigharamiwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza. Walilinganishwa waliopata sindano moja, mbili na tatu, na ile moja ikaonyesha kinga inayodumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba moja inatosha, na majibu ya mabinti wa Mwanza ni sehemu ya ushahidi uliowezesha hilo. Leo nchi nyingi zinachanja mara moja, na fedha iliyookolewa inanunua dozi kwa mabinti wengine. Kila nikisimulia hili nahisi fahari, kwa sababu hapa swali lilikuwa letu: sindano ngapi zinatosha katika nchi isiyoweza kununua tatu kwa kila mtoto?

Kwa hiyo mtulize jirani, na kadi ya chanjo ya binti iweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa niulize na mimi. Wewe mwenyewe umepima? Chanjo ya binti haikukingi wewe. Kama umetimiza miaka 30, nenda kituo cha afya uombe uchunguzi wa mlango wa kizazi, kile kipimo cha kupaka siki. Vaa gauni au funga kanga, huchukua dakika chache, majibu unapewa hapohapo. Na huyo jirani yako, mchukue mwende wote.